Kuziba grili ya gari ili kuokoa mafuta: povu la mabomba au bamba la plastiki?

Hewa inayoingia kwenye grili, yaani matundu ya mbele ya gari, haipiti kwenye rejeta (kipoza maji ya injini) na kutoka tu. Huzungukazunguka kwenye chumba cha injini na kulivuta gari nyuma. Ukiipunguza, gari hukata upepo kwa wepesi na injini hupata moto upesi. Injini baridi hunywa mafuta zaidi. Ndiyo maana magari mengi mapya yana vilango vya grili vinavyojifunga vyenyewe.

Kwa kazi ya mikono, mimi nachagua povu la kuhami mabomba. Unalikata kwa kisu, unalibana kati ya mbavu za grili, basi. Joto likizidi, au ukiwa na mzigo wa kupandisha mlima, unachomoa vipande viwili na kuendelea na safari.

Bamba la plastiki lina uso bapa, kwa hiyo upepo huteleza juu yake vizuri kuliko kwenye mabonde ya povu. Lakini kulifunga na kulifungua ni kazi, na watu huishia kuliacha hata majira yakibadilika. Hapo ndipo injini huungua.

Kwa vyovyote, ziba kidogo kidogo, na uache wazi sehemu ya rejeta. Usiutegemee mshale wa joto wa dashibodi: katika magari mengi hukaa katikati hata joto likipanda. Kifaa cha kusoma kompyuta ya gari huonyesha nyuzi za joto zenyewe. Feni ikianza kuwaka mara kwa mara, toa kipande. Umeme wake unatokana na mafuta hayohayo.