Mafunzo ya siku tatu ya kuongea na MCA na wabunge: nililipa mwenyewe, haya ndiyo maoni yangu

Salaam wenzangu wa afya. Wengi mmeniuliza inboksi kama yale mafunzo ya utetezi kwa wahudumu wa afya, yaani kujifunza kuongea na MCA (mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti) na wabunge, yale ya siku tatu yanayofanyikaga Mombasa, yanafaa kulipiwa ama ni kupoteza pesa na siku za ofu. Mie nilienda Novemba mwaka jana, nililipa elfu nane na mia tano mfukoni mwangu, sikutumwa na mtu. Nimesubiri makusudi karibu mwaka mzima ndio niandike, kwa sababu mafunzo kama haya huwezi kuyapima siku ya kupewa cheti, unayapima ukishaingia ofisini kwa mheshimiwa. Yanafaa. Yana kasoro na nitazisema, lakini yanafaa, na hasa kama umeajiriwa na kaunti.

Nieleze kwanza mie ni nani. Ni muuguzi wa leba wodi, hospitali ya level 4 (ngazi ya kaunti ndogo), miaka kumi na tano sasa. Mwaka 2017 tulipogoma wauguzi kuanzia Juni mpaka Novemba nilikuwa barabarani na filimbi na tawi la mwarobaini kama wengine, mshahara haukuingia, watoto wakarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, na madaktari nao walikuwa wametoka tu kwenye mgomo wao wa siku 100 ulioisha Machi mwaka huo huo. Sijutii kugoma. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba miaka yote hiyo sikuwahi hata siku moja kukaa na MCA wangu nikamwambia wodi yangu ina shida gani, na namba yake ninayo, na tunakutana matangani kila mwezi, tunasalimiana, tunaulizana watoto, basi.

Sasa mafunzo yenyewe. Siku ya kwanza tu imerudisha pesa yangu. Aliyefundisha ni mama mmoja aliyewahi kufanya kazi kwa karani wa bunge la kaunti, na hakuwasha projekta, alitundika kalenda ya ukutani, ile ya kupewa dukani, akachukua kalamu nyekundu akazungushia tarehe nne. Septemba 1, mpango wa maendeleo wa mwaka unapelekwa bunge la kaunti. Februari 28, karatasi ya mwelekeo wa matumizi, hapo ndipo kila idara inawekewa kikomo chake. Aprili 30, makadirio ya bajeti yanafika bungeni. Juni 30, mwaka wa fedha unafungwa. Kisha akatuuliza, nyinyi watu wa afya huwa mnapiga kelele mwezi gani? Tukamwambia Julai, Agosti, dawa zikiisha. Akasema Julai pesa ishagawanywa, mnagombania sahani zilizoshaoshwa. Jamaa mmoja klinishia (afisa tabibu) kutoka Kwale aliyekuwa akiandika barua ya jenereta kila Agosti kwa miaka mitatu aliinuka akaenda kuipiga picha ile kalenda, halafu akarudi akapiga tena ya pili isije ikawa ile ya kwanza haikutokea vizuri.

Jambo jingine siku hiyo hiyo ni kujua mlango gani ubishe. Afya iligatuliwa 2013, kwa hivyo mambo ya kuajiri wauguzi, glavu, ambulensi, oksijeni, hayo ni kaunti, nenda kwa MCA na kamati ya afya ya bunge la kaunti. Mambo ya SHA (mamlaka ya bima ya afya ya kitaifa), sheria za kitaifa, hayo ni mbunge na seneta. Wengi wetu tunampelekea mbunge shida ya glavu na bajeti ya glavu haipiti mikononi mwake, anatuitikia vizuri tu, tunarudi nyumbani tumefurahi, hakuna kinachobadilika.

Siku ya pili ndiyo niliyoipenda zaidi ingawa nilitoka jasho. Kila mtu anasimama dakika mbili mbele ya mtu anayejifanya MCA, simu imewekwa mezani inahesabu. Nikaanza, mheshimiwa, sisi wauguzi tunateseka sana, kazi ni nyingi, hatuthaminiwi... Sekunde arubaini akaninyoshea mkono, "Pole sana sista. Sasa unataka nifanye nini, na lini?" Sikuwa na jibu. Miaka kumi na tano ya kazi na sikuwa na jibu la swali hilo! Tukarudishwa mezani tukaandika upya, na mara ya pili nilisema hivi: mheshimiwa, leba wodi yetu usiku ina muuguzi mmoja, zamu yangu ya mwisho akina mama watatu walifikia kusukuma ndani ya saa moja na mikono ninayo miwili, tunaomba kamati ya afya iweke pesa ya kuajiri wauguzi wanne kwenye makadirio yatakayokuja Aprili. Dakika moja na sekunde kumi. Nilikaa chini miguu inatetemeka, na mwenzangu wa Malindi alinishika mkono chini ya meza.

Kuna dada mmoja alisimama na kisa cha mgonjwa, kisa kizuri sana cha kuingia moyoni, lakini akataja kijiji na hospitali na siku yenyewe, akasimamishwa papo hapo. Tukakumbushwa siri ya mgonjwa haiishi ukitoka wodini, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 pia. Sema kilichotokea, usimwache mtu akatambulikana. Ukitaka sauti ya mgonjwa mwenyewe, muombe, akikubali aje naye aongee kwa kinywa chake.

Na lile swali tunaloogopa wote, je nikiongea nitahamishwa? Mtumishi wa umma hatakiwi kupigia mtu debe, hilo ni sheria, lakini kueleza hali ya huduma si siasa. Ushauri tuliopewa ni usiende peke yako na usiende kama mfanyakazi mwenye kinyongo, nenda na barua ya chama, iwe tawi la chama cha wafanyakazi ama cha kitaaluma, siku ya ofu, bila yunifomu, watu watatu wanne wa kada tofauti, na usiahidi kura. Hapa naona wangekaa zaidi, nusu saa haitoshi kwa jambo linalowanyima watu usingizi.

Kipindi cha miswada nacho kilikuwa kizito lakini cha maana. Katiba ya 2010, kifungu cha 118 kwa Bunge la kitaifa na 196 kwa bunge la kaunti, inasema lazima umma ushirikishwe, na kifungu cha 119 kinakupa haki ya kupeleka ombi bungeni. Si maneno ya kupamba. Sheria zile za afya zilizotiwa saini Oktoba 2023, Mahakama Kuu ilikuja Julai 2024 ikasema tatu kati yake ni kinyume cha katiba, na mojawapo ya sababu ni ushirikishaji wa umma haukutosha, ikalipatia Bunge siku 120 kurekebisha, baadaye Mahakama ya Rufaa ikaisimamisha hukumu hiyo. Mie nilikuwa nikiona tangazo la mswada gazetini nafungia samaki. Sasa tumefundishwa kuandika memoranda, yaani maoni ya maandishi juu ya mswada, na ni jedwali tu la safu nne, kifungu gani, kinasemaje sasa, tunapendekeza kisemeje, sababu. Na unaweza kuandika kwa Kiswahili, ni lugha rasmi ya Bunge. Mie nilidhani lazima kizungu cha mawakili.

Haya, kasoro. Siku ya tatu asubuhi yote ililiwa na slaidi za Marekani, mambo ya Congress na maseneta wao, mwalimu anajua kitu chake lakini sisi tuna wadi na bunge la kaunti, hatuna Congress. Kilichonisaidia hapo ni kimoja tu, kwamba umheshimu msaidizi wa mheshimiwa na umwachie nakala yake, maana ndiye anayepanga nani aingie. Tuliahidiwa MCA wa kweli angekuja mchana tumjaribu, hakuja na hatukuelezwa kwa nini. Pointi za CPD (zile za kuendeleza taaluma) zilichukua wiki tano na mpaka ufuatilie. Anayetoka Lamu hana msaada wowote wa nauli na kipindi kinaanza saa mbili asubuhi, kwa hivyo analala Mombasa usiku wa kabla kwa pesa yake. Na grupu la WhatsApp tulilofunguliwa limekufa kabla ya mwezi, wakati huo ndio mtu anahitaji kuulizia.

Februari tulienda. Mie, klinishia mmoja, mtu wa maabara, na mama mmoja wa mtaani aliyejifungulia kwetu na aliyetaka mwenyewe kuja. Tulikuwa na ukurasa mmoja. Mheshimiwa alimsikiliza yule mama kuliko sisi, halafu akageuka akauliza, wauguzi wanne kwa mwaka ni pesa ngapi? Hatukuwa nayo hesabu. Hilo mafunzo hayakutufundisha na nimewaandikia waongeze, watu waende na gharama, maana bila namba yeye hana cha kusema akiingia kwenye kamati. Tulirudi baada ya siku sita na hesabu. Aprili msaidizi wake akanipigia, nitumie ule ukurasa tena.

Wanne hatukupata. Tulipata wawili. Mmoja aliripoti Agosti na sasa anashika zamu ya usiku na mie, na usiku wa kwanza tulipokuwa wawili mule leba wodi nilikunywa chai ikiwa bado moto, saa nane ya usiku. Wa pili bado barua yake inazunguka.

Nyota nne kati ya tano. Ukienda, andika kwenye daftari takwimu za wodi yako za mwezi mmoja kabla hujasafiri, wagonjwa wangapi, wahudumu wangapi kila zamu, kifaa gani kimekufa tangu lini, maana mazoezi yote ya siku ya pili yanategemea hizo namba na waliokuja mikono mitupu walihangaika. Sisi safari hii hatukungoja Februari. Mwezi wa nane tushapeleka maoni yetu ya mpango wa mwaka, wauguzi wawili waliobaki na jenereta, gharama ziko chini kabisa ya ukurasa, na nakala yetu ina muhuri wa kupokelewa.