Sindano za enoxaparin za kuchoma nyumbani: mwezi wa nne sasa na mama yangu

Naandika hii kwa yeyote anayeuguza mtu wa kemo, yaani dawa kali za saratani, halafu kaandikiwa hizi sindano, maana mi siku ile naondoka nazo famasi nilikuwa natetemeka na sikuwa na wa kumuuliza.

Ni enoxaparin, dawa ya kuzuia damu isigande kwenye mishipa, inakuja imeshajazwa dawa, bomba dogo la kioo na kasindano kembamba kafupi mbele, kila moja kwenye kifuko chake. Ya mama ni miligramu 60, anachomwa saa moja asubuhi na saa moja usiku, kwa sababu ana kilo 60 na daktari alihesabu miligramu moja kwa kila kilo. Ya mgonjwa wako itakuwa tofauti, na figo zikiwa hazifanyi kazi vizuri dozi inabadilika, kwa hiyo msiazimane dozi jamani.

Naipa nyota nne kati ya tano, nitasema ile moja imeenda wapi.

Mama ana saratani ya shingo ya kizazi, alikuwa anapata mionzi na kila wiki dripu ya cisplatin, ndo kemo yake. Tunatokea Tanga, kwa hiyo kabla hatujapata pa kufikia Dar tulikuwa tunapanda basi, masaa sita kakaa pale dirishani, na siku za baada ya dripu anatapika hadi maji hayakai tumboni. Wiki ya nne mguu wa kushoto ukaanza kuvimba. Mmoja tu. Nikaweka mikono yangu kwenye vigimbi vyote viwili, wa kushoto wa moto, umekaza kama ngozi ya ngoma, na nikibonyeza anashtuka. Nyumbani kila mtu na lake, jirani akasema ni matende, shangazi akasema mama kakanyaga kitu mlangoni atafutwe mtu wa kumtazamia, mi nikachemsha maji nikatia chumvi nikamkanda mguu ule jioni mbili mfululizo na mafuta ya nazi juu. Nasema hili kwa uchungu kabisa kwa sababu baadaye daktari aliniambia mguu wa namna hiyo haukandwi, bonge la damu iliyoganda humo likikatika linapanda na damu mpaka kwenye mapafu na mtu anaweza kufa hapo hapo.

Siku ya tatu tukampeleka, wakampiga ultrasaundi ya mishipa ya mguu, bonge la damu lipo, kutoka nyuma ya goti hadi pajani.

Sasa hapa ndo pananiuma. Tulipoanza kemo kwenye hospitali ambayo sitaitaja tulipewa maelezo ya nywele kunyonyoka, kutapika, vidonda vya mdomoni, damu kupungua, homa. Mguu hakuna aliyeutaja. Na si jambo jipya hata kidogo, daktari aliyetuandikia sindano alikaa na sisi akatueleza kwamba kuna daktari Mfaransa, Armand Trousseau, alishafundisha tangu mwaka 1865 kwamba mgonjwa wa saratani damu yake inagandaganda kwenye mishipa, halafu yeye mwenyewe akaja kupata mshipa ulioganda damu namna hiyo, akajua ana saratani, akafa 1867 kwa saratani ya tumbo. Yaani zaidi ya miaka 150 inajulikana, na mi nilikuwa nakanda na mafuta ya nazi.

Alivyotueleza, saratani yenyewe inamwaga kwenye damu vitu vinavyoiambia igande, uvimbe wa nyonga unabana mishipa inayorudisha damu kutoka miguuni, cisplatin inachubua kuta za mishipa kwa ndani, halafu kutapika kunakausha maji mwilini na kukaa masaa mengi kunaituliza damu pale pale. Mama alikuwa navyo vyote. Akasema si cisplatin peke yake, hata wanaomeza tamoxifen ya saratani ya matiti na wanaotumia thalidomide au lenalidomide ya saratani ya uboho wanatakiwa kuuangalia mguu, na saratani za kongosho na tumbo ndo zinaongoza kwa kugandisha.

Nikamuuliza kwa nini sindano wakati nasikia kuna vidonge. Vipo kweli, rivaroxaban na apixaban, na wagonjwa wengi wa saratani wanapewa siku hizi. Lakini mama anatapika, kidonge kitatoka nacho, na bado alikuwa anatokwa na damu chini kidogo kidogo. Hebu fikiria, mtu huyo huyo damu inavuja huku na inaganda kule, na dawa ya kuzuia kule inaweza kuzidisha huku. Sindano wanaweza kuipunguza au kuisimamisha haraka, na kila kabla ya dripu walikuwa wanapima pleteleti, zile chembe zinazosaidia damu kuganda, zikishuka sana dozi inaguswa. Kitu kingine ambacho sikukijua, hii dawa haiyeyushi bonge kama watu wanavyosema, inalizuia lisikue na lisizae mengine, kuliyeyusha ni kazi ya mwili wenyewe taratibu, ndo maana ni miezi na si wiki.

Mapungufu sasa. Karatasi ya ndani ya boksi letu ni Kiingereza na Kifaransa tupu. Mama yangu ni mtu wa Kiswahili na msahafu, anataka kujua kinachoingia mwilini mwake, na alipouliza mfamasia hakumficha, akamwambia bibi, dawa hii asili yake ni utumbo wa nguruwe. Mama akanyamaza. Tukarudi nyumbani bila kuchoma ile ya jioni, usiku ule sikulala namsikiliza anavyopumua. Alfajiri akampigia sheikh wetu wa Tanga, akamweleza yote, sheikh akamwambia hii ni dharura, uhai unatangulia, mwambie mwanao akuchome. Nimeandika hili kwa sababu najua kuna wazee wengi wa Kiislamu watajisikia hivyo hivyo, ni bora aambiwe mapema akiwa mbele ya daktari aulize kama kuna mbadala unaomfaa, kuliko agundue katikati ya matibabu agome kimya kimya. Nyota imeenda hapo, kwenye karatasi, na kwenye bei pia, sindano mbili kwa siku zinauma mfuko, tulipiga simu maduka manne na kila duka lina bei yake.

Duka tulilobaki nalo ni famasi ndogo tu ya mtaani karibu na tulipofikia, na kilichotubakiza ni yule dada mfamasia. Aliniita nyuma ya kaunta, akaniwekea kiti, akasema dada, leo unachoma mbele yangu. Mi nilishaanza kugonga bomba nitoe hewa kama ninavyoona manesi wanafanya, akanishika mkono. Hicho kipovu kinaachwa, dozi yako ni bomba zima, kinasukuma dawa yote iingie. Akanionyesha: upande wa tumbo, mbali na kitovu kama upana wa vidole vitatu, leo kulia kesho kushoto, shika mkunjo wa nyama kwa vidole viwili, sindano iingie wima yote, sukuma polepole, na usiuachie mkunjo mpaka utoe sindano. Halafu usisugue! Siku ya tatu nilijisahau nikasugua, mama akapata weusi mkubwa kama kisahani cha kahawa, wiki nzima haujaisha. Vidoadoa vidogo vya bluu vitakuwepo hata ukifanya vizuri, hivyo visikutishe, ila damu ya puani isiyokata, choo cheusi kama lami au kichwa kuuma ghafla sana, hapo ni hospitali. Na pumzi ikikata ghafla, kifua kikichoma akivuta hewa au akikohoa damu, usisubiri asubuhi.

Joto nalo, boksi letu limeandikwa isizidi nyuzi 25 na isigandishwe, kwa Dar chumba chetu ni tanuri, yule dada akatutunzia boksi kwake kwenye kiyoyozi tukawa tunachukua za siku mbili mbili. Zilizotumika tunatia kwenye dumu gumu la plastiki lenye kifuniko, likijaa tunalirudisha hospitali, hatutupi jalalani watoto wasije kuchomeka.

Mguu umeshuka, kiatu cha kushoto kinaingia tena, jioni tu ndo unavimba kidogo akisimama sana. Safari za Tanga tunamwomba kondakta siti ya pembeni ya njia anyooshe mguu, basi likisimama Segera nashuka naye tunatembea mpaka honi ipigwe. Tangu juzi hataki nimchome tena, anashika mkunjo mwenyewe, anasema bismillah, anasukuma huku akihesabu.