Fender Rumble 100 kwenye vumbi la Dodoma: amplifaya ya besi kwa shughuli ndogo

Habari zenu wadau, karibuni tena sebuleni kwangu hapa Nkuhungu. Mtanisamehe kwa huo upepo mnaousikia, ni Agosti, na wenyeji wa Dodoma mnajua Agosti yetu ilivyo. Dirisha nimefunga, pazia nimeshusha, na bado hebu tazameni hapa. Hii amplifaya nimeifuta asubuhi. Napitisha kidole juu... mnaona? Kidole chekundu kama nimechovya kwenye udongo wa mfinyanzi. Tutalirudia hilo vumbi, maana ndilo lililonifanya nirekodi hii video.

Leo ni besi. Amplifaya yenyewe ndiyo hii, Fender Rumble 100, toleo la tatu. Ina spika moja ya inchi 12, wati 100, na uzito wake ni kama kilo 10. Nimenunua kwa hela yangu, mkononi mwa mtu, ikiwa imeshatumika. Hakuna aliyenilipa niisifie. Nimeipigia baa, kwaya, send-off na kitchen party, na huu ni msimu wake wa pili wa kiangazi. Aina hii tunaiita kombo, yaani amplifaya na spika vimo kwenye boksi moja. Mpiga kinanda wetu akisikia hivyo hakosi kusema ndiyo maana besi yangu huenda kombo. Tumeshamzoea.

Swali la kwanza huwa ni lile lile: "Kaka, wati mia zinatosha kweli? Mbona nyumbani nina sabufa ya wati elfu tatu?" Ndugu yangu, hiyo elfu tatu isome vizuri kwenye boksi, pembeni yake pameandikwa PMPO. Hizo ni wati za kwenye karatasi, za kumshika mteja macho. Geuza sabufa nyuma usome inavuta umeme kiasi gani ukutani. Ukikuta inavuta wati 60, hizo elfu tatu zinatoka wapi?

Na hata wati za kweli zinadanganya kwa namna yake. Ukitoka wati 100 kwenda 200, umeongeza desibeli 3 tu, na desibeli ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti. Sikio litasema imepanda kidogo. Ili lisikie sauti imekuwa mara mbili, unahitaji kama desibeli 10, na hizo ni wati mara kumi. Kwa hiyo muuzaji wa Kariakoo akikwambia ongeza hela kubwa uchukue ya wati 150 badala ya 100, ujue anakuuzia chini ya desibeli 2. Mimi hiyo tofauti ningenunulia waya mzuri na chakula.

Kinachosukuma besi ni spika na boksi lake. Waya mnene wa E, ukiupiga mtupu, unatetemeka mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake hewani lina urefu wa zaidi ya mita 8. Kispika cha inchi 8 kwenye kijiboksi kama redio hakina kifua cha kulisukuma wimbi hilo. Noti utaisikia, ila unachosikia ni kivuli chake, zile sauti za juu yake. Inchi 12 ndani ya boksi la ukubwa huu inaanza kukupa mwili. Haikupi yote, lakini mkanda wa suruali utaisikia.

Sasa niseme shughuli ndogo ni ipi, tusije tukagombana kwenye maoni. Ni watu wasiozidi mia hivi, ndani, au kwenye uwanja wa nyumba uliozungushiwa turubai. Kinanda, gitaa moja, waimbaji wawili watatu, na mpiga dramu mwenye adabu. Narudia, mwenye adabu. Ukiwa na mpiga dramu anayepiga kama anapasua kuni, hii utaifikisha mwisho, itaanza kukoroma, na bado utamuuliza mwenzako, "Nasikika?" Huyo dawa yake ni Rumble 500, yenye spika mbili za inchi 10, inayotoa wati 350 peke yake na kufika 500 ukiiongezea boksi la nje. Au mpunguzie posho, atapiga taratibu.

Ukija upande wa pili, nilishapiga na wazee wa ilimba, ile ya vyuma vya kubonyeza kwa vidole gumba, na zeze huko njia ya Bahi, na pale hata hii ilikuwa kubwa. Ilimba ina tetemo lake jembamba linalozunguka kila noti, na besi ikizidi tu kidogo linazama lote. Nilikaa na Master, kitufe cha sauti yote, kwenye mbili. Ukipiga muziki wa Wagogo, besi inakaa kama mgeni aliyekuja bila taarifa: karibu na mlango, na isubiri kukaribishwa.

Haya, nasogeza kamera kwenye vitufe. Kushoto Gain, nguvu ya sauti inayoingia, halafu hapa kuna vitufe vitatu vya kubonyeza: Bright, Contour na Vintage. Katikati kuna ikwalaiza ya vitufe vinne vya kuzungusha, Bass, Low-Mid, High-Mid na Treble. Mwisho Master.

Sikilizeni. Hii ni kawaida, kila kitu katikati... Sasa nabonyeza Contour... Tamu, sivyo? Inang'aa juu, inaunguruma chini. Na ndiyo mtego wenyewe. Contour inachimba sauti za kati, na sauti za kati ndizo zinazokufanya usikike bendi ikishaanza. Ukiwa peke yako chumbani inapendeza, ukifika ukumbini unapotea, unabaki mvumo kama lori limeegeshwa nje. Mimi siigusi. Napunguza Bass kidogo chini ya katikati, nainua Low-Mid hadi kama saa saba, yaani kupita katikati kidogo, basi. Watu wanashangaa, mpiga besi gani anapunguza besi? Yule ambaye ukumbi wa bati na sakafu ya saruji unamwongezea besi ya bure asiyoiomba.

Na isiwe sakafuni! Hili nalisema kila siku. Ukiiweka chini, imeegemea kona, kona inakuza ngurumo, na spika inapigia magoti yako. Magoti hayana masikio. Unaona husikiki, unaongeza, na mama aliyekaa meza ya tatu anaziba masikio. Chukua kreti ya soda, ipo kila shughuli, panda amplifaya juu yake, iinamishe kidogo nyuma ikutazame usoni, na ivute mbali na ukuta. Mara nyingi utajikuta unapunguza Master badala ya kuongeza.

Nyuma hapa kuna kitu ambacho ningemwambia anayenunua amplifaya yoyote asikikubali kikikosekana: tundu la XLR, la pini tatu kama la maiki. Kutoka hapa waya unakwenda kwenye miksa, na wageni wanakusikia kwenye spika kubwa za ukumbi. Ikishakuwa hivyo, amplifaya yako haina kazi ya kujaza ukumbi tena, inakusikilizisha wewe na mpiga dramu. Ndiyo maana wati 100 zinatosha. Pembeni yake kuna kiswichi cha kukata ardhi, yaani ethi, ya laini hiyo, kwa ule mlio wa "mmmmm" unaokuja ukiunganisha kwenye miksa. Kibonyeze, mara nyingi unanyamaza.

Lakini sikilizeni vizuri, kukata ardhi kwenye kiswichi hiki si sawa na kukata ardhi kwenye plagi. Kuna mafundi wanaondoa pini ndefu ya plagi ili mlio uishe, na wengine, mnajijua, mnachomeka waya wa pini mbili kwa kusaidia na kalamu ya Bic kwenye tundu la juu. Kwa chaja ya simu ni shauri yako. Kwa amplifaya, siku ikiwa na hitilafu ndani, umeme unapita kwenye nyaya za gitaa, unapita kwako, na mwimbaji akigusa maiki kwa mdomo ndiye atakayewaambia.

Tuingie kwenye umeme sasa. Kwanza, soma nyuma: yetu ni volti 230. Watu wanaletewa amplifaya na ndugu kutoka Marekani, ya volti 120, wanaichomeka kwa furaha, inatoa moshi mmoja tu, na huo ndio wimbo wake wa kwanza na wa mwisho. Nyingine zina swichi ya kuchagua, nyingine hazina. Soma kabla ya kuchomeka.

Pili, kinga. Hapa nina kisa changu. Kwenye send-off moja huko Ipagala, mimi kwa kujiona mjanja nilibeba friji gadi ya nyumbani. Umeme ukashuka kidogo katikati ya wimbo wa kumwingiza bi harusi, friji gadi ikakata. Vizuri, ndiyo kazi yake. Umeme ukakaa sawa sekunde hiyo hiyo, kinanda kinaendelea, dramu inaendelea, mimi nimesimama na besi kama nguzo ya turubai. Kwa nini? Kwa sababu friji gadi husubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha umeme, ili mashine ya friji ipumzike. Bi harusi aliingia, akakaa, akafunguliwa soda, ndipo besi ikarudi. Mama mmoja akanifuata: "Mwanangu, ulikuwa umelala?" Siku hizi nabeba gadi ya tivii, inayosubiri sekunde chache, na nikijua tutatumia jenereta nabeba stabilaiza. Jenereta ikiwashwa msikimbilie kuchomeka, iacheni itulie kwanza. Amplifaya iwe ya mwisho kuwashwa na ya kwanza kuzimwa, Master ikiwa sifuri.

Sasa vumbi letu. Nilitaka niwaonyeshe kwa karibu, ngoja nishike tochi. Hiki ni kitufe cha Treble. Sikilizeni nikikizungusha... "krrr, krrr". Huo mchakacho ni vumbi limeingia kwenye njia yake ya ndani. Dawa ni spreya ya kusafishia kontakti, inauzwa kwenye maduka ya vipuri vya elektroniki. Chomoa umeme, puliza kidogo sana kwenye kitako cha kitufe, kisha kizungushe mwanzo hadi mwisho mara ishirini. Acha ikauke. Msitumie mafuta ya taa, wala ile spreya ya kulegeza nati zenye kutu. Leo itanyamaza, lakini inaacha mafuta, na mafuta yanaita vumbi jipya.

Kinga kubwa kuliko zote haina umeme. Ni gunia hili. Nimeshonewa na fundi cherehani pale Majengo: turubai nje, blanketi la zamani ndani, uwazi wa mkono juu. Kitenge hakifai, vumbi letu linapita kwenye kitenge kama chai kwenye chujio. Kwenye bajaji iweke miguuni, uso wa spika ukutazame wewe. Usiielekeze njiani, kijiwe kimoja kikirushwa na tairi kinatosha kutoboa koni, ile karatasi ya spika inayotetemeka. Kwenye bodaboda mimi sipandi nayo, ingawa nimewaona wanaoweza.

Spika ikinyamaza, kabla hujamlipa fundi, fanya hivi. Hapa nina spika ya zamani, nitumie hiyo. Betri ndogo ya redio, volti 1.5. Nagusisha waya mmoja huku, mwingine huku... mmeona koni ilivyoruka? Na imetoa "tup". Maana yake koili, ule waya wa ndani unaosukuma koni, ni nzima, tatizo liko kwenye waya au kwenye amplifaya. Ukiwa na mita ya kupimia umeme, spika ya omu 8 itasoma kama 6 hivi, usishtuke, ndivyo inavyosoma. Isiposoma chochote, koili imekatika. Kisha bonyeza koni taratibu kwa vidole vilivyotandazwa, pande zote sawa. Ikikwaruza ndani, imeungua au imejaa mchanga.

Hayo ndiyo mfanye pia mkinunua iliyotumika. Nendeni na gitaa lenu na waya wenu, mwambieni muuzaji aiwashe robo saa nzima, maana kuna zinazopiga vizuri dakika tano za kwanza tu. Tikisa waya kwenye tundu la jeki, ikikatakata nati imelegea, hilo ni dogo. Angalia fyuzi. Nilishakuta moja fyuzi yake imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Hiyo iache pale pale, hata akupunguzie nusu, kwa sababu hujui ilichounguza ndani. Na msifungue kifuniko wenyewe eti imechomolewa, ndani kuna kapasita zinazoshika umeme hata baada ya kuzima.

Kuna aliyeniuliza kwenye video iliyopita kuhusu besi ya nyaya tano. B ya chini inatetemeka kama mara 31 kwa sekunde, na kwenye inchi 12 moja kama hii utaipata kwa unyenyekevu. Ukiipiga kwa nguvu na Bass umeinua, koni itapiga mwisho wake, "tap tap tap". Ukisikia hivyo punguza papo hapo. Mimi nina nyaya nne, sijalazimika.

Bajaji hiyo inapiga honi, tuna kazi Chamwino saa kumi. Ngoja niivalishe gunia.