StackQL: Kuliuliza Wingu kwa SQL ni Rahisi Kuliko Kuliamuru

Anayesimamia mashine pepe kwa watoa huduma watatu wa wingu, yaani kompyuta zinazokodishwa kupitia mtandao, hulazimika kuzijua lahaja tatu. Amazon Web Services ina programu yake ya amri, Google Cloud ina yake, Azure nayo ina yake, na kila moja hutoa majibu kwa umbo lake, hata swali jepesi la kutaka kujua ni mashine zipi zinazofanya kazi sasa na ni za nani huzaa skripti tatu, pamoja na ya nne ya kuyaunganisha majibu. StackQL ni programu huria iliyoandikwa kwa lugha ya Go na kutolewa chini ya leseni ya MIT. Hapo awali iliitwa InfraQL. Waundaji wake wanasema kwamba SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, peke yake inatosha kwa kazi hiyo yote, ya kuuliza na ya kuamuru. Nimeitumia kwa shughuli za kawaida za usimamizi, na kwa maoni yangu dai hilo linasimama imara upande wa kuuliza, ilhali upande wa kuamuru linahitaji masharti.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 2014 Facebook ilitoa osquery, inayouonyesha mfumo wa uendeshaji wa kompyuta kama hifadhidata, ambamo michakato, watumiaji na milango ya mtandao huwa majedwali. StackQL inalipeleka wazo hilo kwenye wingu. Maelezo ya kila mtoa huduma yameandikwa kwa kufuata OpenAPI, yaani kanuni ya kuandika hati inayoeleza API (njia ambayo programu hutumia kuiomba huduma) ina anwani gani, inahitaji vigezo gani na inarudisha nini. Programu huisoma hati hiyo, kisha hutafsiri SELECT kuwa ombi la kusoma, INSERT kuwa ombi la kuunda na DELETE kuwa ombi la kufuta. Kwa hiyo hakuna ghala la data linalojazwa usiku ili lisomwe asubuhi. Unapouliza, ombi huondoka papo hapo kwenda kwa mtoa huduma, na jibu unalopata ni hali ya wakati huo.

Kuisakinisha hakuna usumbufu, kwa kuwa ni faili moja la programu. Ukiingia kwa amri ya stackql shell, unamleta mtoa huduma unayemtaka kwa REGISTRY PULL, na funguo zako husomwa kutoka kwenye vigeu vya mazingira. Kilichonipendeza mapema zaidi ni jinsi programu inavyojieleza yenyewe: SHOW SERVICES IN google hutoa orodha ya huduma, SHOW RESOURCES hutoa rasilimali zilizo ndani ya huduma, SHOW METHODS huonyesha kinachoweza kufanywa na vigezo vinavyotakiwa, na DESCRIBE hueleza safu wima za jedwali. Kwa anayeingia kwenye huduma asiyoijua, huo ni mwongozo ulio karibu zaidi kuliko kurasa za nyaraka za mtoa huduma mwenyewe.

Swali la kawaida huwa hivi:

SELECT name, status FROM google.compute.instances WHERE project = 'mradi-wa-majaribio' AND zone = 'us-east1-b';

Aliyezoea hifadhidata atadhani kwamba WHERE hapo ni kichujio tu. Sivyo. Project na zone ni vigezo ambavyo API yenyewe inavidai, na ukiviacha swali halitatekelezwa. Sharti jingine lolote utakaloongeza, kwa mfano status = 'RUNNING', kwa kawaida huchujwa kwenye kompyuta yako baada ya safu zote kuletwa. Tofauti hiyo haionekani kwenye maandishi ya swali, lakini huonekana kwenye muda wa kusubiri na kwenye viwango vya maombi ambavyo watoa huduma wameviwekea kikomo. Swali linaloonekana dogo linaweza kutuma maombi mengi, na LIMIT ya kupunguza safu mwishoni si lazima iyapunguze. Ningependa programu ieleze wazi zaidi ni sehemu gani ya swali inayokwenda kwa mtoa huduma na ni ipi inayobaki nyumbani.

Uwezo wa kuwaunganisha watoa huduma kwa UNION au JOIN ndio unaovuta watu wengi, na kweli unafanya kazi. Hata hivyo, hapo ndipo panapohitaji msomaji makini, kwa sababu SQL inasawazisha umbo la majibu bila kusawazisha maana yake. Chukua hali ya mashine iliyozimwa. Google Compute Engine huiandika TERMINATED, na mashine hiyo unaweza kuiwasha tena wakati wowote. Amazon EC2 hutumia terminated kwa mashine iliyofutwa moja kwa moja, ambayo hubaki kwenye orodha kwa muda mfupi tu kisha ikatoweka; iliyozimwa tu huitwa stopped. Azure ina ugumu wake pia: mashine iliyozimwa kutoka ndani ya mfumo wake wa uendeshaji huwa Stopped na huendelea kutozwa gharama za uchakataji, mpaka iachiwe rasmi na kufikia hali ya deallocated. Sasa mtu akiandika ripoti ya mashine zisizotumika kwa kuziweka hali hizi tatu katika safu wima moja, atapata jedwali safi lenye habari za uongo. Mashine ya Google inayongoja kuwashwa itahesabiwa kuwa imekufa, na ya Azure inayoendelea kula fedha itahesabiwa kuwa imepumzika. Kuna pia suala la diski, ambalo wengi hulisahau: mashine ya EC2 iliyozimwa haitozwi uchakataji, lakini diski zake za EBS zinaendelea kutozwa, hivyo swali la gharama haliwezi kujibiwa kwa jedwali la mashine peke yake.

Njia ninayoipendekeza ni kuandika mwonekano (VIEW, yaani swali lililohifadhiwa kwa jina) mmoja kwa kila mtoa huduma, unaotafsiri hali zake kwa CASE kuwa msamiati mliokubaliana ndani ya timu, kisha kuiunganisha mionekano hiyo. StackQL inakubali CREATE VIEW, kwa hiyo kazi hiyo hufanywa mara moja na kutunzwa pamoja na msimbo mwingine. Lebo nazo zinahitaji uangalifu kama huo, kwani AWS huzihifadhi kama orodha ya jozi za jina na thamani, ilhali Google huzihifadhi kama ramani ya moja kwa moja. Zote hukufikia kama JSON, yaani maandishi ya data yaliyopangwa kwa majina na thamani, ndani ya safu wima, nawe huzichambua kwa JSON_EXTRACT na wenzake kutoka SQLite, ambayo ndiyo injini ya hifadhidata ya ndani isipokuwa ukichagua PostgreSQL.

Hapo ndipo Steampipe inapostahili kutajwa, maana kwa kazi ya kuuliza peke yake mimi naiweka mbele. Steampipe, iliyotolewa na kampuni ya Turbot mwaka 2021, huja na PostgreSQL kamili ndani yake, na programu-jalizi zake, ambazo ni zaidi ya 140, huziwasilisha API kama majedwali ya nje. Unapata SQL ya PostgreSQL bila upungufu, pamoja na alama za kuchambua JSON ambazo wachambuzi wengi wanazijua tayari, na huduma yake ikiwashwa husikiliza kwenye mlango wa 9193, hivyo zana yoyote ya kuchora ripoti inaweza kuunganishwa nayo. Majibu huhifadhiwa kwa sekunde 300 kama hukubadilisha mpangilio, jambo linaloharakisha uchunguzi lakini linalomtaka mtu akumbuke kwamba anachokiona kinaweza kuwa cha dakika chache zilizopita. SELECT * ni gharama pia, kwa sababu baadhi ya safu wima hujazwa kwa ombi la ziada kwa kila safu mlalo. Steampipe haiundi wala haifuti chochote. Kwa mkaguzi wa usalama hiyo ni sifa, na kwa mhandisi anayetaka kuzima mashine alizoziona hivi punde huo ndio mpaka wake.

StackQL inauvuka mpaka huo. SHOW INSERT INTO hukuandalia kiolezo chenye sehemu zote unazoweza kuzijaza, na kazi zisizoingia vizuri katika kuingiza au kufuta, kama kusimamisha mashine, hutekelezwa kwa EXEC google.compute.instances.stop pamoja na vigezo vyake. Kufuta kunahitaji jina kamili la kinachofutwa, kwa kuwa API inalidai. Kwa hiyo lile kosa maarufu la kuandika DELETE na kusahau WHERE, ambalo kwenye hifadhidata humaliza jedwali zima, hapa hukwama kabla halijaleta madhara.

Kinachonitia shaka kiko kwingine. Sarufi ya SQL imewazoesha watu kutarajia miamala: mambo matano yafanikiwe pamoja au yote yasiwepo. Wingu haliko hivyo. INSERT ya mashine ikikubaliwa, mtoa huduma huweza kujibu kwamba kazi imeanza tu, na usipoweka kidokezo cha /*+ AWAIT */ ndani ya amri, programu itaendelea na amri inayofuata huku mtandao ambao mashine hiyo inautegemea ukiwa bado haujakamilika kuundwa. Ikishindwa ya tatu katika tano, mbili za kwanza zipo na zinatozwa, na diski iliyokwisha kufutwa na mtoa huduma hairudishwi na ROLLBACK yoyote, amri ya SQL ya kutengua muamala. Chaguo la --dryrun lipo, ila linachofanya ni kukuonyesha amri baada ya vigeu vyake kujazwa. Halimuulizi mtoa huduma kama angeikubali.

Wapo wanaoitazama StackQL kama mbadala wa Terraform, zana ya kuunda miundombinu ya wingu kwa msimbo, kwa kuwa StackQL haina faili la hali, yaani kumbukumbu ya rasilimali zilizoundwa, la kulinda na kusawazisha. Ni kweli kwamba faili hilo ni chanzo cha matatizo mengi, lakini ndilo linaloiwezesha Terraform kujua kwamba rasilimali uliyoiondoa kwenye msimbo inapaswa kuondolewa pia kwenye wingu. Zana ndugu, stackql-deploy, inajaribu kuliziba pengo hilo kwa kuigawa kila rasilimali katika vipande vya SQL vya kuangalia kama ipo, kuiunda, na kuthibitisha kwamba iko jinsi inavyotakiwa. Mpangilio wake unaeleweka na unasomeka, ingawa mzigo wa kuandika ukaguzi huo ni wa mtumiaji, na kwa miundombinu mikubwa ni kazi ambayo Terraform imekwisha kukufanyia.

Kwa hiyo ninaitumia StackQL kwa ripoti zinazohitaji hali ya sasa, kwa ukaguzi ndani ya mifumo ya kujenga na kusambaza programu, na kwa hatua moja moja ambayo mtu ameisoma kabla ya kuitekeleza. Funguo ninazitenganisha: za maswali zina ruhusa ya kusoma tu, kama sera ya ReadOnlyAccess upande wa AWS, na za kuamuru huwekwa kwa kazi husika na kuondolewa ikimalizika, kwa kuwa zuio la kweli liko katika ruhusa alizozitoa mtoa huduma, si katika SQL.