Zoom H1n kwenye mahojiano ya bendi na vikundi vya ngoma: inavyofanya kazi Dodoma

Ukigusa chuma kimoja cha ilimba ya Kigogo, kile kisanduku chenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, unasikia vitu viwili kwa pamoja: noti yenyewe, na mvumo mwembamba unaoifuata kama wa nyuki. Mvumo huo unatoka kwenye utando wa buibui uliobandikwa juu ya tundu la kisanduku, na mpigaji huutengeneza kwa makusudi kabisa. Simu nyingi huufuta. Programu yake ya kupunguza kelele huuhesabu kuwa takataka, ikabakiza noti kavu isiyo na roho. Kwa hiyo kipimo chetu cha kinasa sauti cha mahojiano kinaanzia hapo: je, kinaweza kuyachukua mazungumzo na chombo katika kikao kimoja bila kuharibu kimojawapo?

Zoom H1n, kinasa sauti kidogo cha mkononi, ilitoka mwaka 2018, na hadi leo inabebwa sana na wanaohoji wanamuziki. Tunaitathmini kwa kazi ya hapa: bendi za dansi zinazofanya mazoezi ukumbini mjini, kwaya, na vikundi vya muheme (ngoma za wanawake wa Kigogo) na zeze (chombo cha nyuzi) vya Chamwino, Mvumi, Bahi na Kongwa. Baada ya miaka mingi ya mahojiano ya namna hii, makosa yanayojirudia yanajulikana, na mengi si ya kifaa bali ya mahali kilipowekwa.

Umbo lake ni jepesi mno. Ni plastiki tupu, na hapo ndipo penye udhaifu wake mkubwa wa kwanza. Ukiishika mkononi kila kidole kinachosogea kinasikika kama mtu anayekunja mfuko wa nailoni. Ukiilaza mezani, kila soda inayowekwa chini inapiga kishindo ndani ya rekodi. Nyuma ina tundu la skrubu la stendi, basi tumia stendi ndogo ya miguu mitatu, na chini yake weka khanga iliyokunjwa mara nne. Hilo pekee huondoa vishindo vingi.

Maikrofoni zake mbili zimepishana kwa nyuzi 90 na zinasikia zaidi upande wa mbele. Ukimhoji mtu mmoja, iweke sentimita 20 hadi 30 kutoka kinywani, chini kidogo ya kidevu, ili pumzi za herufi kama "p" na "b" zipite juu yake. Bendi nzima ya watu sita au wanane ni jambo jingine. Wengi huweka kinasa sauti katikati ya duara, kisha nusu ya bendi inasikika kama inaongea ikiwa chumba cha pili. Wapange nusu duara mbele ya kifaa, na wasemaji wakuu, yaani kiongozi, mtunzi na mpiga solo, wakae katikati. Kabla ya swali la kwanza kila mmoja ataje jina lake na chombo anachopiga. Itachukua dakika moja, lakini miaka mitano baadaye ndiyo itakayokuwezesha kujua nani alisema nini, hasa pale wapiga gita wawili wanapokuwa na sauti zinazofanana.

Sasa upepo, kwa sababu Dodoma ni upepo. Kuanzia Juni hadi Oktoba unavuma karibu kila mchana, na vikundi vya vijijini hupiga uwanjani au chini ya mti. Upepo unaougusa uso wa maikrofoni hutoa ngurumo nzito inayofunika maneno, na hakuna programu itakayoiondoa baadaye bila kula sauti ya msemaji. Sifongo la kawaida linasaidia kwenye feni na pumzi tu. Uwanjani unahitaji kofia ya manyoya, ambayo huuzwa kando, na usitoke mjini bila hiyo. Ukikosa kabisa, sogea upande wa nyumba usiopigwa na upepo, au kaeni ndani ya gari vioo vikiwa vimefungwa na injini imezimwa. Gari ni chumba kizuri sana cha mahojiano: viti vya kitambaa hunyonya mwangwi. Mahojiano ya saa mbili asubuhi pia hushinda ya saa nane mchana, kwa upepo na kwa utulivu wa wazee wenyewe.

Kitufe cha LO CUT kinakata sauti nzito kwa ngazi za 80, 120 na 160 Hz. Kwa mazungumzo karibu na jenereta, weka 120. Ngoma zikianza, kizime. Tunalisisitiza hili kwa sababu ndilo kosa linalouma zaidi: mahojiano mazuri, halafu wanawake wa muheme wanaziweka ngoma mapajani na kupiga, na rekodi inatoka na ngoma zisizo na tumbo, zinagongagonga kama madebe. Sauti hiyo iliyokatwa hairudi.

Kiwango cha sauti hupangwa kwa gurudumu lenye namba 0 hadi 10, na hili ndilo jambo tunalolipenda zaidi kwenye H1n. Unaliona kwa jicho na kulizungusha bila kuingia kwenye menyu yoyote. Kwa mtu anayeongea kwa utulivu, namba 6 au 7 hutosha. Lenga vilele vifike karibu na -12 dB kwenye kioo. Ukipita 8 utaanza kusikia mchirizo wa kifaa chenyewe, hivyo ni heri umsogelee msemaji kuliko kupandisha gurudumu. Kwa ngoma shuka hadi 2 na urudi nyuma mita tatu au nne, maana maikrofoni zake zina mwisho wa desibeli 120 na ngoma ya karibu inaweza kuufikia. AUTO LEVEL iache imezimwa. Msemaji akinyamaza kutafakari, yenyewe inapandisha sauti, na unapata kuku, pikipiki na redio ya jirani mahali palipokuwa na ukimya. Kwa mzee anayefikiri kabla ya kujibu, ukimya ule ni sehemu ya jibu. LIMITER, inayozuia sauti kubwa isipasuke, iwashe kwa ajili ya kicheko cha ghafla au kigelegele.

Inatumia betri mbili ndogo za AAA, na mtengenezaji anasema alikalini hudumu takriban saa 10. Zile za bei ya chini za dukani, zinazotiwa kwenye rimoti, hazifiki popote karibu na hapo. Nunua alikalini au za kuchaji, kisha uchague aina sahihi kwenye menyu, la sivyo alama ya chaji itakudanganya. Beba jozi mbili za akiba. Inakubali kadi ya microSD ya hadi GB 32 tu, na tatizo ni kadi bandia: imeandikwa GB 32, ndani ina 4, na inaendelea "kurekodi" bila kulalamika. Ijaribu kwa kompyuta siku uliyoinunua kwa kuijaza hadi mwisho na kufungua mafaili yote, kisha uifomati ndani ya kinasa sauti chenyewe.

Kuhusu aina ya faili, rekodi WAV, isiyobana sauti kama MP3. Kwa biti 16 na 44.1 kHz saa moja inachukua takriban MB 635, kwa hiyo kadi ya GB 32 inabeba kama saa 50. MP3 ya kbps 128 inachukua chini ya MB 60 kwa saa, na wengi walivutwa na tofauti hiyo. Wanaorudi leo kwenye mahojiano yao ya zamani wanajuta, maana MP3 ndogo inaua mvumo ule ule wa ilimba tulioanza nao na kuifanya filimbi isikike kama inapigwa chini ya maji. Hukwe Zawose, mwana wa Doduma aliyeufikisha muziki wa Kigogo kwenye majukwaa ya dunia, alifariki mwaka 2003, na wazee wa kizazi chake wanazidi kupungua. Rekodi ya mmoja wao si ya makala ya wiki hii tu. Tunza nakala mbili kwenye diski mbili zilizo nyumba mbili tofauti, na jina la faili libebe tarehe, kijiji na kikundi.

Uzuri mwingine wa H1n unaonekana nyumbani, wakati wa kunakili. Inaweza kusikilizisha kwa nusu ya kasi bila kuifanya sauti iwe nzito, na kurudia kipande ulichokiwekea mwanzo na mwisho. Kwa mahojiano yanayoruka kutoka Kigogo kwenda Kiswahili na kurudi, hii ni msaada wa kweli. Kaa na mtu anayekijua Kigogo vizuri na mrudie kipande baada ya kipande. Tafsiri iliyotolewa papo kwa papo uwanjani huacha nusu ya mashairi. Tumia hedifoni, kwa sababu spika yake ya nyuma ni ya kuhakikisha tu kwamba kitu kimerekodiwa.

Tundu lake la maikrofoni ya nje linachanganya watu. Vimaikrofoni vya kubana kwenye kola vinavyouzwa kwa ajili ya simu vina plagi yenye mistari mitatu myeusi. H1n inataka yenye mistari miwili. Ukichomeka ya simu, mara nyingi unapata sauti hafifu au hupati kitu. Kumbuka pia kwamba ukichomeka chochote, maikrofoni za ndani zinazimika.

Mwaka 2024 Zoom ilitoa H1essential, inayorekodi kwa biti 32 za desimali zinazoelea (32-bit float), yaani sauti ndogo na kubwa huingia bila kupangiwa kiwango, hivyo haina gurudumu. Kwa anayeanza leo na mwenye kompyuta, tungemshauri aichukue hiyo: mazungumzo ya chini na ngoma za ghafla zote hubaki salama, mradi tu maikrofoni yenyewe haijazidiwa. Aliye na H1n hana sababu ya kuibadilisha. Kinasa sauti kingine, Tascam DR-05X, kina maikrofoni zinazosikia pande zote, hivyo kinafaa zaidi kwa duara la wazungumzaji, na kinakula betri za AA zinazopatikana hata dukani kijijini, ila upepo unakisumbua zaidi.

Kabla ya kubonyeza kitufe chekundu, omba ruhusa, na ruhusa yenyewe irekodiwe. Omba mara mbili: moja ya mazungumzo, nyingine ya wimbo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi na pia mpigaji, na kikundi kinaweza kukubali maneno yachapishwe lakini wimbo wa jando usitoke nje. Waulize waziwazi na uheshimu jibu.

Nakala wanayoachiwa kikundi iandae kwa namna yao. Redio ndogo za kadi zinazosikika vijijini husoma MP3 vizuri, lakini WAV, hasa ya biti 24, nyingi hazifungui. Geuza nakala iwe MP3 ya kbps 192, iweke kwenye kadi yake peke yake, wimbo mbele na mazungumzo nyuma, na uipige kwenye redio ile ile mbele yao kabla hujaondoka.