TAHADHARI: "070 orijino ya Mjerumani" inayouzwa kwa picha na kutumwa kwa basi

Wakuu, habari za kazi. Ujumbe huu ni kwa yeyote anayetafuta msumeno wa mnyororo wa zamani wa kazi nzito, hasa Stihl 070, na zaidi kwa wapasuaji mbao wa Mafinga, Njombe na Makete ambao mashine hizi ndizo zinazowalisha na kuwasomeshea watoto. Kuna muuzaji anazunguka kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook akitangaza "070 orijino ya Mjerumani, mtumba wa Ulaya, imetumika kidogo". Mashine anazotuma hazikutoka Ujerumani, na wala si mtumba. Ni kopi mpya zilizozeeshwa kwa makusudi ili zionekane za miaka mingi. Jina lake siliweki hapa kwa sababu suala limeshafika polisi na laini za simu anabadilisha kila mara. Mbinu zake lakini ni zilezile, na hizo ndizo nataka mzijue.

Mimi ni fundi wa mashine hizi. Wateja ndio walioniletea, kila mmoja akilalamika kwamba mashine inakosa nguvu ikiingia kwenye gogo nene. Ya kwanza nilipoipokea, kwa macho ilikuwa 070 ya shamba kabisa: rangi imechubuka, boliti zina kutu, vumbi la mbao limejaa kwenye mapezi ya silinda. Nikafungua kifuniko cha sproketi, lile gurudumu la meno linalozungusha cheni. Mashine iliyokata miti kwa miaka, hapo ndani hukuta vumbi lililolowa oili likagandamana, jeusi, mpaka ulikwangue kwa bisibisi. Hapa palikuwa peupe. Kingo za chuma bado zina makali ya kiwandani ambayo hayajawahi kuguswa na tupa. Nikafungua boliti mbili: vichwa vina kutu nyekundu, nyuzi zake zinang'aa. Kutu ile ilipakwa kwa nje, pengine kwa maji ya chumvi, boliti zikiwa tayari zimefungwa. Mshikio nao umesuguliwa kwa msasa pande zote, hata kwenye kona ambayo mkono wa mtu haufiki.

Halafu ikaja ya pili, kutoka wilaya nyingine, kwa mtu asiyemfahamu kabisa yule wa kwanza. Namba ya mashine niliyoisoma kwenye bodi ilikuwa ileile niliyoiandika kwenye daftari langu, tarakimu kwa tarakimu. Stihl halisi kila mashine ina namba yake, tarakimu tisa, imegongwa kwenye chuma cha bodi. Mashine mbili haziwezi kuwa na namba moja. Kwa hiyo ukitumiwa picha, omba picha ya namba ikiwa karibu na inasomeka, uihifadhi, kisha uilinganishe na ya wenzako walionunua kwa mtu huyohuyo. Namba ikiwa imesagwa kwa grainda, hapo kuna jambo baya zaidi: huenda mashine ni halisi ila ni ya wizi, na siku mwenyewe akitokea, wewe ndiye utakayekutwa nayo.

Kwa nini 070 na si nyingine? Kwa sababu jina lake linauza lenyewe. Stihl ilianzishwa Ujerumani mwaka 1926, na mwaka 1959 ikatoa Contra, mashine isiyo na giaboksi iliyobadilisha kabisa kazi ya msituni. 070 ni ya ukoo huo. Ina silinda ya ujazo wa takriban sisi (cc) 106, ni nzito, ina kelele, lakini imetengenezwa kwa namna ambayo fundi wa kijijini anaifungua chini ya mti na kuifunga tena jioni ileile. Ulaya wakahamia kwenye mashine nyepesi kama 066, ambayo baadaye ikaitwa MS 660, yenye sisi 92 hivi. Huku kwetu wapasuaji wakabaki na 070 kwa sababu inavumilia kupasua mbao kutwa nzima. Sasa 070 halisi iliyo nzima ni adimu, na aliye nayo haiuzi kwa haraka wala kwa bei ya kutupa. Ndiyo maana tangazo la "zipo sita, wahi" peke yake lingetosha kukutia shaka.

Nisieleweke vibaya kuhusu kopi. Zipo madukani, zinauzwa wazi kama kopi, kwa bei ya kopi, na kwa mtu wa kukata kuni au kupogoa miti ya shambani zinaweza kumtosha akizitunza. Mwenye duka anayekwambia ukweli hana kosa. Huyu ninayemzungumzia anachukua kitu hicho hicho, anakichubua, anakibandika stika, anakuuzia kwa zaidi ya mara mbili ya bei. Mteja wangu mmoja aliuza mbuzi na kukopa kwenye kikoba ili afikishe milioni moja na laki mbili. Pistoni nilipoitoa ilikuwa na michubuko ya wima upande wa eksozi, na mashine haikuwa imemaliza hata tenda yake ya kwanza.

Hasara ya pesa mtu anaweza kuifidia. Kinachonitisha ni klachi. 070 haina breki ya cheni. Ukiachia mafuta, kinachoisimamisha cheni ni klachi kuachia, basi. Kwenye hizi nilizofungua, springi za klachi ni laini, moja ilikuwa imeshakatika, kwa hiyo cheni inaendelea kuzunguka hata mashine ikiwa silensa, yaani inaunguruma tu bila kupewa mafuta. Fikiria operata anatembea nayo kwenye mteremko wenye matope kutoka gogo moja hadi jingine, akiamini cheni imesimama. Kama umeshanunua kwa mtu huyu, usiitumie kabla ya kufungua klachi na kukagua springi. Hili nawaomba sana.

Anavyochukua pesa ni hivi. Kwanza anatuma picha nzuri, na picha hizo ni za mashine halisi, za mtu mwingine. Ukimwomba video ya mashine ikiwaka, anatuma video iliyokwisha rekodiwa, haonyeshi namba wala hataji jina lako au tarehe ya siku hiyo. Kisha anadai kishika mkono, yaani malipo ya awali, kwa maelezo kwamba kuna mteja mwingine yuko njiani na fedha mkononi. Ukitoa, anakutumia picha ya risiti ya basi na kukutaka umalizie kabla hujapokea mzigo, akisema wakala hatauachia bila hivyo. Mzigo unafika kweli, na hapo ndipo watu wanapodanganyika: wanasema huyu si tapeli, mbona katuma? Boksi limefungwa kwa mpira na gundi, wakala hakuruhusu kulifungua, na ukifika nyumbani simu yake haipokelewi tena.

Hivi karibuni ameongeza na "090". Hapa anategemea kwamba wengi hawajawahi kuiona. 070 na 090 ni ndugu, bodi zinafanana, hata namba za vipuri za zote mbili huanza na 1106, kwa hiyo kubadilisha stika tu kunamtosha mtu wa haraka. Tofauti iko kwenye silinda: pistoni ya 070 ina kipenyo cha milimita 58, ya 090 ni milimita 66, na ujazo unafika sisi 137. Akikwambia ni 090, inyanyue silinda na upime kwa venia kaliba. Akikataa isifunguliwe, umeshapata jibu lako. Na kama ni 066 au MS 660, kipenyo chake ni milimita 54 na vipuri vyake huanza na 1122. Mtu akikuuzia "660" yenye vipuri vya ukoo mwingine, muulize silinda ameitoa wapi.

Ukienda kuikagua mashine ya zamani kwa muuzaji yeyote, nenda bila kumpigia simu asubuhi ile kwamba uko njiani, na shika silinda kwa mkono kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, ameiwasha ili isikusumbue, subiri ipoe. Kisha toa eksozi. Ni kazi ya boliti chache tu, na tundu la moshi linakuonyesha pistoni na ringi waziwazi ukimulika kwa tochi ya simu. Pistoni safi ina uso laini. Mistari ya wima ina maana imewahi kujam. Masizi yawe ya moshi kweli: yafute kwa kidole, kwa sababu rangi ya kupuliza haifutiki. Tikisa fulaiwili, lile gurudumu zito lililo kwenye ncha ya krankshafti, juu na chini. Ikicheza, beringi za krankshafti zimekwisha, na ukarabati huo ni mkubwa.

Jaribio la kuining'iniza mashine kwa kamba ya kuvutia wengi mnalijua: yenye kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) hushuka polepole kwa vituo, iliyochoka huporomoka. Lakini wajanja wanamimina oili kidogo kwenye tundu la plagi kabla hujafika. Oili inaziba ringi, kompresheni inaonekana nzuri kwa muda, halafu inaisha. Kwa hiyo usikubali kuondoka kwa kuiona imewaka tu. Ingiza kwenye gogo, ikate robo saa, moshi wa mwanzo uishe, kisha izime na uiwashe tena ikiwa ya moto vilevile. Ringi zilizokwisha hujidhihirisha hapo, utavuta kamba mpaka bega liume. Na kama huna uzoefu, lipa fundi wa unakonunua aende akafungue eksozi kwa niaba yako. Mwenye mashine halisi hatakataa, anajua anachouza.

Kwa waliokwisha kulipa: usifute ujumbe hata mmoja, wala ule wa sauti. Chukua picha za skrini za mazungumzo, ujumbe wa muamala wenye namba ya kumbukumbu, na risiti ya basi. Kama pesa umetuma muda mfupi uliopita, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako saa hiyohiyo na uombe muamala uzuiliwe, kwa sababu akishatoa kwa wakala hakuna wanachoweza kurudisha. Nenda kituo cha polisi ukachukue RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, na namba yake ya simu iripoti kwa kutuma ujumbe wake kwenda 15040. Mashine yenyewe usiirudishe kwake hata akikuahidi kukurejeshea pesa. Ndiyo ushahidi wako. Bidhaa bandia zinashughulikiwa pia na Tume ya Ushindani, FCC, na huko watataka kuiona.

Wateja wangu waliouziwa tayari wana RB, na picha za namba ile inayojirudia tumeziweka pamoja. Mwenye mashine aliyonunua kwa njia hii aangalie namba kwenye bodi, aipige picha pamoja na sehemu ya ndani ya kifuniko cha sproketi, na anitumie kwa ujumbe wa faragha. Nikikuta inafanana nitakuunganisha na wenzako ili taarifa zenu ziingie kwenye jalada moja.