Kukomaza tangi jipya: kwa samaki au bila samaki?

Tangi jipya la samaki wa maji baridi, hata maji yake yaking'aa kama kioo, bado halina bakteria wa kutosha wa kugeuza amonia itokayo kwenye kinyesi na mabaki ya chakula kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati, ambayo sumu yake ni ndogo zaidi. Kuwalea bakteria hao, ndiko kukomaza tangi, huchukua takriban wiki 4 hadi 6.

Anayetanguliza samaki hupata cha kutazama tangu siku ya kwanza, lakini hulazimika kuweka wachache walio wastahimilivu, kuwalisha kidogo, kupima maji kila siku, na kubadilisha sehemu yake kila amonia au nitriti inapokaribia miligramu 0.5 kwa lita, kwa maji yaliyoondolewa klorini. Akizembea, atawakuta wakitweta juu ya maji, matamvua yakiwa mekundu, na mara nyingi huwa amechelewa.

Anayetia amonia ya chupa isiyo na manukato, kiasi cha miligramu 2 kwa lita, ili kuwalisha bakteria hao, hukaa na tangi tupu (jambo gumu kuwaeleza watoto), ila hakuna kiumbe anayeumia. Tangi huwa tayari linapomaliza kiasi hicho ndani ya saa 24 bila kuacha nitriti.

Kwa samaki wa Ziwa Tanganyika ningeikataa kabisa njia ya kwanza, kwa kuwa maji yao yana pH (kipimo cha asidi na alkali) inayokaribia 9, na kadiri pH inavyopanda ndivyo amonia inavyozidi ukali.